SOMO LA VIKUNDI: Choo Kimejaa Kiasi Gani? Tujifunze Kupima



Somo la safari hii lina harufu kidogo. Najua choo kikitajwa mkutanoni wengine wetu hutazama chini na wengine hucheka. Lakini nimeamua kuliandika kwa sababu ya kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki, na ambalo kikundi kimoja cha akina mama kililipa kwa pesa zao.

Kikundi hicho kilikuwa kimejenga vyumba sita vya kupangisha karibu na soko. Kodi ya vyumba ndiyo iliyokuwa inalipa karo za watoto na kuingia kwenye mzunguko wa chama. Wakaniomba niwasaidie kupanga choo. Nikauliza, "Watumiaji ni wangapi?" Mama mwenyekiti akajibu, "Ni kama kumi hivi, Madam." Na kweli siku ile walikuwa kumi, maana vyumba vitatu peke yake ndivyo vilivyokuwa na watu. Fundi akachimba shimo la urefu wa mita 1.2, upana wa mita 1 na kina cha mita 4.5, yaani futi kumi na tano. Nikapiga hesabu mbele yao, nikawaambia kwa ujasiri, "Akina mama, choo hiki kitawafikisha miaka minane."

Hakikufika hata miaka mitatu. Baada ya miaka miwili na miezi michache kilikuwa kimejaa, funza wanatambaa kwenye slabu, na wapangaji wawili wakahama. Pesa za kodi za miezi mingi zikaenda kuchimba shimo jipya. Sijasahau vile mama mweka hazina alivyoniuliza, kwa heshima kabisa, "Madam, ile miaka yako minane ilienda wapi?"

Somo hili ni jibu langu kwake. Tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni kukadiria choo kitachukua muda gani kabla hakijajaa. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni kupima kwa vipimo vyenu wenyewe mkajua hali ilivyo chini ya slabu, bila kungoja mpaka mwone kwa macho.

HESABU YA SHIMO

Kwanza tujue kwamba si kila tunachoweka shimoni kinabaki humo. Mtu mzima mmoja, ukijumlisha haja ndogo na haja kubwa, hutoa zaidi ya lita 400 kwa mwaka. Kama zote zingebaki, tungechimba choo kila msimu wa kupanda. Lakini maji hunyonywa na udongo, na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huendelea kula kile kilichobaki na kukipunguza. Kinachobaki mwishoni ndicho tunachokiita tope la choo, na ndicho kinachojaza shimo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu mwaka 1992 kuhusu vyoo vya nyumbani, na ndani yake kuna makadirio ambayo mafundi wengi bado huyatumia. Kama shimo ni kavu na watu wanatumia karatasi au majani yanayooza, hesabu lita 60 za tope kwa kila mtu kwa mwaka. Kama shimo ni kavu lakini watu wanatumia vitu visivyooza haraka, kwa mfano mawe au magunzi ya mahindi, hesabu lita 90. Pale ambapo tope limelala ndani ya maji, kuoza huenda vizuri zaidi na tope hushikana: lita 40 kwa vitu vinavyooza, lita 60 kwa visivyooza.

Sasa turudi kwenye shimo la akina mama. Choo hakijazwi mpaka juu kabisa. Tope likifika nusu mita chini ya slabu, hesabu kwamba kimejaa. Kwa hiyo kina cha kutumia si mita 4.5 bali mita 4. Zidisha 1.2 kwa 1 kwa 4, unapata mita za ujazo 4.8. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Basi shimo lilikuwa na nafasi ya lita 4,800. Watu 10 mara lita 60 ni lita 600 kwa mwaka. Gawanya 4,800 kwa 600: miaka minane. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, si ndio?

Hesabu ilikuwa sawa, maswali ndiyo yaliyokuwa na makosa. Nilihesabu watu waliokuwepo badala ya kuhesabu vyumba. Vyumba sita vilipojaa, kila kimoja na watu wanne, walikuwa watu 24. Tena hakuna aliyekuwa amewawekea wapangaji shimo la takataka, kwa hiyo majivu, nepi, pedi, mifuko ya plastiki na chupa zote zilimalizikia chooni. Hapo hatuhesabu lita 60 tena, tunahesabu 90 au hata kupita. Watu 24 mara 90 ni lita 2,160 kwa mwaka. Gawanya 4,800 kwa 2,160: miaka miwili na miezi miwili au mitatu. Ndipo miaka yangu minane ilipoenda.

Katika kuhesabu watu, muwe wakweli na mila zetu. Kuna maboma ambako mke wa mwana hawezi kutumia choo kimoja na baba mkwe wake. Hapo ukihesabu watu wote wa boma utakosea upande mwingine, utachimba shimo kubwa ambalo nusu ya watu hawaliingii, huku wengine wakienda kichakani. Watoto wadogo nao huogopa tundu kubwa. Ulizeni kwa upole, na afadhali mwanamke aulize wanawake na mwanamume aulize wanaume. Hesabuni watumiaji halisi.

Kwa shimo la mviringo hesabu ni tofauti kidogo. Pima upana wake kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati, zidisha kipimo hicho kwa chenyewe, halafu zidisha kwa 0.785. Shimo lenye upana wa mita 1.2 litakuwa 1.2 mara 1.2, yaani 1.44, mara 0.785, unapata 1.13. Maana yake kila mita moja ya kina inabeba lita 1,130.

KABLA YA KUPIMA: USALAMA

Hapa naomba msome polepole. Hakuna kipimo chochote katika somo hili kinachomtaka mtu aingie shimoni. Hakuna. Hata kichwa usikiingize kwenye tundu la tangi.

Tope linapooza hutoa hewa mbaya. Moja ina harufu ya mayai yaliyooza, na wataalamu huiita haidrojeni salfaidi. Ubaya wake ni kwamba ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani harufu imekwisha kumbe ndiyo imezidi. Nyingine ni methani, ambayo hushika moto. Tumesikia mara nyingi katika habari zetu, mtu anashuka chooni kutafuta simu iliyoanguka, anazimia, wa pili anamfuata kumwokoa, wa tatu anamfuata wa pili, na wote wanatolewa wakiwa maiti. Simu ikianguka, mwachie choo.

Kwa hiyo: usipime peke yako, muwe wawili au zaidi. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti au mshumaa ili kuangalia ndani. Fungua mlango, na kama ni tangi la septiki, fungua mfuniko na uache hewa itoke kwa muda kabla ya kukaribia. Kama slabu ina ufa au ni ya mbao za zamani, simama kwenye ubao mrefu uliolala juu ya udongo mgumu pande zote mbili, ama acha kupima kabisa na mkifunge choo hicho. Vaa glavu na viatu vilivyofunika miguu. Watoto wakae mbali. Mkimaliza, nawa kwa sabuni. Mayai ya minyoo hayaonekani kwa macho, na hukaa hai ndani ya tope muda mrefu sana.

KUPIMA CHOO CHA SHIMO

Vifaa ni vya nyumbani. Tafuteni kamba ya nailoni ya mita sita hivi. Fungeni fundo kila nusu mita, na kwenye kila mita kamili fungeni kitambaa cha rangi. Mwishoni fungeni mfuniko bapa wa mkebe wa rangi uliotobolewa matundu manne, kama sahani ya mizani, na juu yake kijiwe cha kuuvuta chini. Kwa nini mfuniko na si jiwe tupu? Kwa sababu jiwe litazama ndani ya tope na kukudanganya. Mfuniko bapa hukaa juu yake.

Shusha taratibu kupitia tundu la choo. Utasikia kamba imelegea mkononi. Hapo umefika. Bana kamba kwa vidole pale inapolingana na uso wa slabu, ivute, na upime kwa tepe ya fundi kutoka vidoleni mpaka kwenye mfuniko. Kipimo hicho ni nafasi iliyobaki juu ya tope. Rudia mara tatu, uandike kipimo cha katikati. Na jameni, kamba hiyo iwekewe alama na kuning'inizwa mahali pake. Isije ikaonekana siku moja kisimani inateka maji!

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu hapa. La kwanza ni kilima. Katika shimo kavu, uchafu huanguka mahali pamoja na kujirundika kama kichuguu, pembeni kukiwa bado na nafasi kubwa. Ukipima juu ya kilima utadhani choo kimejaa. Njia nzuri ya kuona ni kutumia kioo: siku ya jua, mtu mmoja asimame mlangoni na kioo cha kawaida, aelekeze mwanga wa jua kwenye tundu. Shimo lote linang'aa mpaka chini, bila moto wala hatari. Tochi pia ni sawa, lakini kioo ni bora na hakina betri. Mkiona kilima, kisawazisheni kwa mti mrefu, halafu ndipo mpime.

La pili ni maji. Wenzetu wa nyanda za chini, kama Kano na kando ya mto Tana, wanajua kwamba mvua ikinyesha sana maji ya chini ya ardhi hupanda na kuingia shimoni. Wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena wakati wa mafuriko ya 2024, vyoo vya watu vilifurika bila kuwa vimejaa tope. Katika shimo lenye maji, kamba na mfuniko havitoshi. Chukueni ufito mrefu ulionyooka, au mwanzi, mkagongelee ubao mdogo wa sentimita 15 kwa 15 kwenye mwisho wake. Usukumeni chini polepole. Utapita kwenye maji bila shida, kisha utasikia umegusa kitu kizito kinachokataa. Hapo ndipo juu ya tope. Wekeni alama pale ufito unapolingana na slabu. Mkiutoa, mtaona pia sehemu iliyolowa imeanzia wapi, na hapo mmejua kina cha maji. Kisha chukueni ufito mwingine usio na ubao, msukume mpaka ugonge chini ya shimo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni unene wa tope. Ili msidanganywe na maji, pimeni wakati wa kiangazi, mwezi ule ule kila mwaka. Na pale ambapo shimo linashika maji hata kiangazi, tujiulize visima viko wapi. Umbali wa angalau mita 30 kati ya choo na kisima si mapambo.

Sasa faida ya kupima mara mbili. Tuseme mwezi wa Januari mmepata nafasi ya mita 3.40. Mwezi wa Januari unaofuata mkapata mita 2.70. Tope limepanda sentimita 70 kwa mwaka mmoja. Nafasi iliyobaki ni 2.70, toa ile nusu mita ya juu, mnabaki na 2.20. Gawanya 2.20 kwa 0.70: miaka mitatu na kidogo. Hapo hamhitaji makadirio ya kitabu wala ya Madam, mmepata jibu la choo chenu wenyewe. Na kama shimo ni la mita 1.2 kwa 1 na watumiaji ni 12, mnaweza kujua zaidi: 1.2 mara 1 mara 0.70 ni lita 840, gawanya kwa watu 12, ni lita 70 kwa kila mtu. Iko katikati ya 60 na 90. Kama mngepata 120 au 150, jibu si kuchimba zaidi, jibu ni kuuliza ni nani anayetupa takataka chooni.

Akina mama wale wangepima baada ya mwaka wa kwanza, wangekuta tope limepanda karibu mita 1.8 na wangekuwa na mwaka mmoja na zaidi wa kuweka akiba kidogo kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hesabu yenyewe. Kuchimba shimo jipya hakuepukiki mahali penye wapangaji wengi. Kilichowaumiza ni kushtukizwa.

DAWA ZA KUMALIZA CHOO

Wauzaji hupita sokoni na pakiti za unga, ati ukimwaga ndani choo kinashuka. Watafiti wa Afrika Kusini walizijaribu dawa za namna hiyo kwa vipimo vya kitaalamu, na hawakuona kwamba zinapunguza tope kuliko linavyopungua lenyewe. Mbona basi wengine huapa kwamba waliona choo kikishuka? Angalieni maagizo: umwage unga, halafu ndoo kadhaa za maji. Maji hulainisha kile kilima, kinaporomoka na kujaza pembeni, na mtu anafurahi. Kama kuna mwanakikundi anayeamini dawa, simkatazi. Apime kwanza baada ya kusawazisha kilima, atie dawa yake, apime tena baada ya miezi sita, alinganishe na choo cha jirani ambacho hakikutiwa kitu.

TANGI LA SEPTIKI

Hili linawahusu wenye vyoo vya kumwaga maji: shule, zahanati, nyumba ya mapadre na vikundi vyenye nyumba za kisasa. Ndani ya tangi kuna tabaka tatu. Juu kuna utando mzito wa mafuta na vitu vinavyoelea. Katikati ni maji. Chini ni tope. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Utando ukishuka sana au tope likipanda sana, uchafu mzito hutoka na maji, unaziba udongo wa shimo la kunyonya, na hapo gharama si ya kunyonya tangi tena bali ya kuchimba upya.

Kupima tope la tangi kunahitaji fimbo ndefu na taulo jeupe la zamani. Viringisheni taulo kwenye sehemu ya chini ya fimbo, kimo cha mita moja hivi, mkafunge kwa uzi. Upande wa tangi ulio karibu na bomba la kutokea, tengenezeni nafasi kwenye utando, mshushe fimbo pole pole mpaka chini. Ngojeni dakika tatu. Izungusheni taratibu na kuitoa taratibu. Taulo litakuwa jeusi mpaka pale tope lilipofika, na juu ya hapo litakuwa limelowa tu. Pimeni sehemu nyeusi.

Kwa utando wa juu, chukueni fimbo nyingine yenye kipande cha ubao kilichogongelewa upande mmoja wa mwisho wake, kama jembe dogo. Itoboze ipite chini ya utando, igeuzeni kidogo, kisha ivuteni juu mpaka msikie imeshika. Wekeni alama. Kati ya alama hiyo na ile ya uso wa juu wa utando ndio unene wake.

Kanuni ni rahisi: tope na utando vikijumlishwa vikafika theluthi moja ya kina cha maji ya tangi, muda wa kunyonya umefika. Mfano: tangi la zahanati lina kina cha maji cha mita 1.50, kwa hiyo theluthi ni sentimita 50. Fimbo ya taulo inaonyesha tope sentimita 42, na utando ni sentimita 12. Jumla ni 54. Aiteni lori mwezi huu, msingoje sikukuu.

SIKU YA LORI

Lori la kunyonya, ambalo wengi tunaliita eksosta, ni msaada mkubwa lakini nalo lina ujanja wake. Kuna kikundi nilichotembelea ambacho kililipia safari mbili, na choo kikajaa tena baada ya miezi michache. Tulipokwenda kuangalia, ilionekana wazi kwamba mpira ulinyonya maji ya juu tu. Tope zito lililoshikana chini halikuguswa. Mwenye lori alipoulizwa alisema, "Mimi huuza safari, siuzi kina." Sitamtaja, na kusema kweli hakuwa amevunja mapatano, maana hakukuwa na mapatano ya kina popote.

Kwa hiyo pimeni kabla lori halijafika. Mkijua shimo la mita 1.2 kwa 1 lina tope la unene wa mita 2, mnajua ni lita 2,400, na mnaweza kuuliza lori ni la lita ngapi kabla ya kukubaliana bei. Mwambieni dereva mapema kama tope ni zito na kama kuna takataka, ili aje na maji ya kulainisha. Pimeni tena kabla hajaondoka, yeye akiwepo, na malipo ya mwisho yatoke baada ya kipimo hicho. Ulizeni pia uchafu unapelekwa wapi, na kama lori lina leseni ya kubeba uchafu. Ukimwagwa mtoni usiku, ni sisi wa chini ya mto tutakaounywa.

Tahadhari moja kubwa: shimo ambalo halikujengewa kuta za mawe au matofali lisinyonywe. Tope likiondoka, udongo unakosa wa kuuegemea, na kuta zinaweza kuporomoka pamoja na slabu. Shimo la namna hiyo likifika nusu mita ya mwisho, lifungwe kwa udongo mpaka juu na kushindiliwa. Wengine hupanda mgomba au mparachichi juu yake na hufanya vizuri sana. Kama mnataka kutumia kilichomo kama mbolea, acheni shimo lipumzike angalau miaka miwili likiwa limefunikwa, kwa sababu ya yale mayai ya minyoo niliyotaja.

DAFTARI

Mwandishi wa kikundi afungue ukurasa mmoja kwa kila choo. Aandike urefu, upana na kina cha shimo siku lilipochimbwa (hili husahaulika, na baadaye hakuna anayekumbuka ila fundi, naye kila mara huongeza futi mbili). Kisha kila kipimo na tarehe yake, idadi ya watumiaji siku hiyo, na jina la aliyepima. Wakati wa kiangazi mara moja kwa mwaka yatosha kwa choo cha boma. Cha wapangaji, cha shule au cha soko, kila miezi mitatu.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi wa mazingira, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, huduma za maji na usafi ziko chini yao. Mkienda kwenye mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti mkasema "choo cha soko kinanuka", mtaandikiwa na kusahauliwa. Mkienda na ukurasa unaoonyesha tope limepanda sentimita ngapi kila miezi mitatu na kwamba kitafurika kabla ya mvua za Aprili, itakuwa vigumu zaidi kuwapuuza. Mchukueni na mhudumu wa afya wa kijiji, naye apime pamoja nanyi.

Akina mama wale sasa wana vyoo viwili vya kupokezana, vyenye kuta za mawe, na pipa la takataka nje ya kila mlango. Mama mweka hazina ndiye anayeshika kamba. Mara ya mwisho nilipopita aliniambia, bila kuniangalia, "Mita moja na sentimita themanini, Madam. Tumeanza kuweka akiba."

YA KUJADILI KIKUNDINI

Kila mmoja aseme choo cha kwao kilichimbwa mwaka gani na kina futi ngapi, na kama kuna aliyewahi kukipima tangu hapo. Jadilianeni nani atashika kamba, maana kazi hii isiachiwe vijana peke yao wala isiwe adhabu ya mtu aliyechelewa mkutanoni. Takataka, nepi na pedi zitawekwa wapi ikiwa si chooni? Na hesabu moja ya kufanya pamoja ubaoni: shimo la mviringo lina upana wa mita 1.2, watumiaji ni 15, nafasi iliyobaki juu ya tope ni mita 2.10, na takataka hazitupwi humo. Mkitumia lita 60 kwa mtu, lina muda gani kabla halijafika nusu mita ya mwisho? Mkipata karibu miaka miwili, mmeelewa somo. Mkipata minane, njooni tuhesabu pamoja.